Glovu ya Kavata na Besi Ishirini na Mbili

Usiku wa jana niliota glovu ya Kavata imepanda juu ya mizani yangu na inajipima.

Mshale ulicheza, ukatulia. Glovu ilijiinamisha kidogo ili isome, kisha ikasema, "Gramu mia tano na tano. Nilipoingia humu nilikuwa mia tano na sitini."

"Hiyo hamsini na tano ni kamba," nilisema. "Iko kwenye mkebe wa majarini."

"Najua iko wapi. Nakuuliza inapita wapi."

Sikujua.

Kabla sijaendelea, nieleze jambo lilivyokuwa nikiwa macho, ili ndoto isionekane imetoka hewani.

Naitwa Kitheka. Natengeneza mizani za sokoni hapa Kibwezi. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilifungua mizani ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaifunga, na vipande viwili vikabaki mezani. Tangu siku hiyo, chochote ninachokifungua nakitia namba kwanza.

Jumamosi tunacheza softboli kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala la katani. Timu yetu inaitwa Kanga, kwa sababu siku tulipopaka namba kwenye fulana nyeupe rangi ilituruka, na sasa sote tuna madoa kama ndege huyo. Tuko tisa. Hatuna wa akiba, tisa tu. Msimu huu tumecheza mechi mbili. Ya kwanza tulipigwa thelathini na moja kwa nne. Ya pili tulipigwa kumi na mbili kwa kumi na moja, tukaimba njia nzima hadi sokoni, na wenye maduka wakatoka kutupongeza.

Mechi ya tatu ilipangwa iwe Jumamosi hii, dhidi ya timu ya Wapima Ardhi. Sheria ya ligi yetu ni fupi: timu isiyofika na watu tisa inanyang'anywa mechi. Kapteni wetu ni Mbithe, anayeshona sare za shule, na alikuwa ametuambia mapema, "Ya kupigwa nitaipokea. Ya kunyang'anywa siitaki."

Uwanja mzima una glovu nane za kawaida, na timu zote mbili huzitumia. Zamu yako ya kudaka ikiisha, unaiacha glovu chini pale uliposimama, kiganja kikiangalia juu, na mpinzani anayekuja anaiokota ikiwa bado na joto lako. Mchezaji wa tisa wa wapinzani hudaka kwa kofia. Glovu yetu ya tisa ni ya Kavata, mwenye kinu cha kusaga mahindi. Kavata hurusha kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo glovu huivaa mkono wa kulia, na glovu ya kuvaliwa kulia ni hiyo moja. Hakuna mwingine anayeivaa. Sisi tukiwa tunapiga, yenyewe hukaa benchi peke yake.

Mwaka jana aliwahi kudaka mikono mitupu pale besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji. Kidole kilivimba majuma mawili, kinu kikafungwa, na mtaa wetu ukala mahindi ya kuchemsha. Tangu hapo alisema wazi: bila glovu, haingii. Na bila Kavata tuko wanane.

Jumatatu aliniletea glovu hiyo kwa kuwa kamba yake ilikuwa imeanza kukatika. Niliifungua. Ina mashimo ishirini na mawili, na kila shimo nililitia namba kwa chaki. Kisha, kwa kuwa sipendi kufunga kitu kichafu, niliisafisha ngozi kwa kitambaa chenye mafuta. Nilifanya kazi nzuri sana. Nilipoinua kitambaa, namba zote ishirini na mbili zilikuwa juu yake.

Alhamisi Kavata alipita dukani.

"Imefika wapi, Fundi?"

"Kesho," nilisema, nikitazama mizani.

"Sawa. Mimi nakuamini."

Ijumaa nilijaribu njia kumi na nne za kupitisha kamba mpya, niliyoikata kwa kipimo cha ile ya zamani. Ya kumi na nne ilitoa kitu kilichofanana na samaki mkavu. Nikaifungua tena, nikavaa fulana yangu ya madoa ili asubuhi nisichelewe, nikalala.

Basi, katika ndoto, glovu iko juu ya mizani na inaningojea.

"Na wewe mwenyewe huijui njia?" nauliza.

"Sijawahi kuona mgongo wangu. Wewe wako umeuona?"

"Hapana."

"Basi tusiaibishane. Ulinifungua bila kupiga hodi, nami nimenyamaza siku tano. Sasa twende tukaziulize zile nane. Ziko uwanjani. Mechi imeanza."

"Mechi ni kesho."

"Uliza kalenda."

Natazama kalenda. Imegeukia ukuta, kama mtu anayevaa nguo. Inasema bila kugeuka, "Jumamosi, saa nne asubuhi. Usinichungulie."

Naiomba radhi. Navaa glovu kichwani, kwa sababu mikono yangu imebeba mkebe wa majarini, na nafungua mlango wa duka. Nje ni uwanja wa softboli. Nafunga mlango kwa kufuli, kwa mazoea. Duka linaondoka, kufuli linabaki likining'inia hewani.

Mistari ya uwanja imechorwa kwa unga. Hii si ajabu ya ndoto, ndivyo tunavyofanya. Kavata hukusanya unga unaomwagika chini ya kinu na kutuletea kila Jumamosi. Kuku wa jirani huja kuudonoa, na sheria yetu ni kwamba mstari ukiliwa, tunacheza kwa kumbukumbu.

Mbithe ananijia akiwa ameshika futi ya kushonea.

"Fundi, umechelewa. Wewe ndiye wa kupiga."

"Wapima Ardhi wako wapi?"

"Wametuma wawakilishi."

Natazama. Uwanjani wamesimama kanga tisa, ndege wenyewe, wenye madoa yao ya kuzaliwa nayo. Wanane wako ndani ya glovu hadi shingoni, vichwa tu nje. Wa tisa amevaa kofia.

Muthengi, fundi baiskeli, ambaye katika timu yetu ndiye mwenye kazi ya kuwachokoza wapinzani, anawapigia kelele kutoka benchi. "Nyinyi leo mtashuka na ugali."

Kanga wa besi ya pili anamtazama kwa utulivu, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa lingine. "Fulana hiyo," anasema, "umeiazima kwa nani?"

Muthengi anaiangalia fulana yake. Anaanza kukwangua doa moja kwa ukucha.

Mwamuzi ni mizani ya magunia ya sokoni. Imening'inia kwenye nguzo, filimbi ikiwa kwenye ndoano yake. Niliwahi kuitengeneza mara tatu.

"Nakujua," mwamuzi anasema. "Wewe ndiye uliyenitia springi ya kitanda."

"Ilikuwa springi nzuri."

"Sijalalamika. Nasema tu kwamba tangu hapo, kila nikiwekewa mzigo nasikia usingizi." Anapuliza filimbi bila kuigusa. "Kanga wa ndege, tisa kamili. Kanga wa watu, wanane. Naona pungufu."

"Wa tisa yuko kazini," Mbithe anasema.

"Kazini si uwanjani. Lakini nitawapa nafasi. Huyu fundi akipiga, akapita besi zote kwa mpangilio, akarudi nyumbani, nitawahesabu tisa. Akiruka hata moja, mko wanane, na mechi ni ya ndege."

Mbithe ananigeukia na kunipima mabega kwa futi yake, kana kwamba ananishonea kitu. "Fundi. Mimi nimesema ya kupigwa nitaipokea. Usinifanye ninyang'anywe mechi mbele ya kuku."

"Sisi si kuku," anasema yule mwenye kofia.

"Sijakutaja. Mbona umeitika?"

Nyuma ya besi ya nyumbani, pale mpigaji anaposimama, glovu ya mdakaji imelala, nene kama mto wa kitandani. Ni kubwa kuliko zote na zingine huisikiliza. Kanga aliyekuwa ndani yake ametoka kunywa maji. Naivua glovu ya Kavata kichwani na kuiweka karibu nayo.

"Kwa hiyo ndiye huyu," glovu ya mdakaji inasema. "Miaka mitatu kwenye benchi moja, na leo ndiyo tunazungumza."

"Hamkuwahi kunisalimu," inasema ya Kavata.

"Tulidhani unaringa, dada. Wewe unakaa juu, sisi tunalazwa mavumbini. Sisi tunapita mikono ya watu wote wa wilaya. Tunajua nani anatoka jasho, nani ana pete, nani anaogopa mpira. Wewe una mkono mmoja tu."

"Ningependa mavumbi," inasema glovu ya Kavata polepole. "Mkono ninao mzuri. Ningependa na mavumbi."

Nasafisha koo na kueleza shida yangu, kuanzia chaki hadi kitambaa. Sifichi kitu. Glovu ya mdakaji inasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa maneno hatuwezi kukueleza," inasema. "Sisi wenyewe tumefungwa, hatujafunga. Lakini kimbia. Ukikosea tutapiga kelele."

Nashika gongo. Gongo letu ni mpini wa jembe uliochongwa upya, na halijawahi kuipenda kazi hii.

"Nilizoea udongo," linaniambia. "Udongo haukurukii."

"Mara moja tu."

"Kila Jumamosi unasema mara moja tu."

Kanga anarusha. Sijui anarushaje, hana mikono, lakini mpira unakuja. Napiga. Mpira unapaa na kusema kwa adabu unaponipita, "Samahani, nafika mbali kidogo." Unakwenda juu mpaka unakuwa kama punje ya mtama.

Hakuna kanga anayeufuata. Wote tisa wanatoka kwenye glovu, wanainama, na kuanza kula mistari.

Hapo ndipo naielewa mbinu yao. Uwanja huishia mstari unapoishia. Mstari ukiliwa, uwanja hauna mahali pa kuishia. Unaanza kukua. Unalichukua ghala la katani, unachukua soko, unachukua reli, unafika chini ya Milima ya Chyulu na kukaa. Na kwa kuwa uwanja mkubwa hauwezi kutosheka na besi chache, besi zinagawanyika katikati, na kila kipande kinagawanyika tena.

"Ziko ngapi sasa?" nauliza.

"Ishirini na mbili," anasema mwamuzi, akisinzia. "Kimbia, fundi."

Nakimbia. Besi ya kwanza ni gunia la unga lililojazwa mchanga, kama kawaida. Nakanyaga.

"Chini!" zinapiga kelele glovu nane. "Pita chini yake!"

Nainua ukingo wa gunia na kujipenyeza. Ndani kuna giza na harufu ya ngozi na mafuta. Natokea upande wa juu, na ninapotokea nasikia kitu kikinivuta kiunoni. Natazama. Nimefungwa mkanda mwembamba wa ngozi ya kahawia, na mkanda huo umenyooka nyuma yangu hadi nyumbani.

Naelewa kwamba mimi ndiye kamba. Sioni sababu ya kubishana.

Besi ya pili, juu. Ya tatu, chini. Ya nne iko kwenye duka la Mbithe, kati ya cherehani mbili, na cherehani zinanipisha zikinong'ona kwamba mshono wangu ni mrefu mno. Ya sita iko kwa kinyozi. Ananyanyua miguu ya mteja ili nipite chini ya kiti. "Pita, Fundi," anasema, "lakini usinitingishie kichwa." Ya saba ni bomba la maji, na foleni nzima ya wenye madumu inaniuliza kama nimepanga mstari. Nasema nimepanga mistari yote. Wananiruhusu.

Kila ninapovuta kamba, ardhi inajikunja. Soko linasogelea stesheni. Mama wawili wanaouza nyanya, waliokuwa pande mbili za soko kwa sababu hawapatani, wanajikuta goti kwa goti. Wanatazamana. Mmoja anasema, "Habari za tangu mwaka ule?" Mwingine anasema ni nzuri. Wanaendelea kuuza.

Nimeanza kucheka. Nakimbia na kucheka, na mkebe wa majarini unagonga mbavuni.

Kwenye besi ya tisa nakosea. Napita juu badala ya chini. Glovu nane zinasema "Aaa" kwa sauti moja, na Kibwezi nzima inalegea. Ofisi ya posta inainama upande. Mtu anayekunywa chai mlangoni anainama nayo, bila kumwaga. Narudi, nafungua, napita chini, navuta. Ofisi ya posta inasimama wima na kunishukuru.

Besi ya kumi na mbili ni kinu cha Kavata.

Kinu kinanguruma. Kavata amesimama juu ya jukwaa, anamimina mahindi, mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Hashangai kuniona. Kwenye sakafu, kati ya magunia, kuna besi mbili kando kwa kando, ndogo, kama sahani.

"Fundi, unapita?"

"Napita. Lakini sijui napita vipi hapa."

Zile glovu nane ziko mbali. Kelele za kinu zinazizima. Nasimama. Kamba iliyonifunga imekaza nyuma yangu, na najua Mbithe anaiangalia kutoka upande wa pili, futi mkononi.

"Kavata," nasema, "Alhamisi nilikudanganya. Haikuwa tayari na haikukaribia kuwa tayari. Nilitia namba kwa chaki, halafu nikazifuta mwenyewe kwa kusafisha."

Anazima kinu. Unga unaendelea kushuka hewani kama haujaambiwa.

"Nilijua," anasema. "Uliponiambia kesho uliiangalia mizani, na mizani haikuwa na kitu juu yake."

"Mbona hukusema?"

"Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Nikaona nikuachie utembee nao siku mbili, uone uzito wake." Anashuka ngazi akijipangusa. "Siku nyingine niambie tu. Kama ni kukosa mechi, nitakosa nikijua. Mimi ni mtu mzima, Fundi. Wewe ulikuwa unanihifadhi kama yai."

"Sawa."

"Sasa sikiliza. Hapa ni kidole cha nne. Kamba inavuka mara mbili. Kiwandani hawakufanya hivyo. Ni mimi niliivusha mara ya pili mwaka jana, kilipovimba kidole, ili pasilegee. Hakuna aliyejua. Usingepata hata ungejaribu njia mia."

"Nimejaribu kumi na nne."

"Ya mwisho ilitoka nini?"

"Samaki."

Anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka kinu kikiwa kimezimwa. Sauti yake ni kubwa kuliko nilivyodhani. Navuka besi ya kushoto, navuka ya kulia, narudi, navuka tena. Sakafu inakaza chini yangu na kutulia kama shuka iliyotandikwa.

"Vizuri," anasema Kavata. "Sasa nenda. Wale ndege hawana mchezo."

Ananiwekea mkono mgongoni na kunisukuma.

Msukumo huo unanipeleka besi sita bila mguu wangu kugusa chini. Ya kumi na tisa iko juu ya behewa la treni. Ya ishirini iko katika chumba cha mazoezi ya kwaya. Waimbaji wa sauti ya nne wananifungulia njia wakiendelea kuimba, na mmoja ananiuliza kati ya beti mbili tuko ngapi kwa ngapi. Ya ishirini na moja ni mwiba wa mgunga, na nauheshimu. Nyuma yangu vilele vya Chyulu vinakaribiana kimoja kimoja, vikiinama mbele, na sasa naviona vilivyo: ni vidole.

Kanga wamemaliza mistari yote na wanakimbia kunizuia. Wanakimbia vizuri, lakini wameshiba. Yule mwenye kofia ananikaribia zaidi ya wote.

"Bwana," anasema akihema, "hatuna ubaya na wewe."

"Hata mimi."

"Unga ulikuwa mzuri. Mwambie aliyesaga."

"Nitamwambia."

Najitupa kifudifudi kwenye besi ya nyumbani. Vumbi linatulia. Kipande cha kamba kilichobaki kiunoni mwangu ni vidole viwili tu, kiasi cha fundo. Najifunga fundo mwenyewe.

Mwamuzi ananinyanyua kwa ndoano, kwenye ukosi wa fulana. Mshale unacheza. Watu wote na ndege wote wanautazama.

"Gramu mia tano na sitini," anasema, na kupiga miayo. "Mko tisa."

Papo hapo Kibwezi inajifumba. Vidole vya Chyulu vinashuka juu yetu taratibu, uwanja unainuka kutulaki, na sisi sote tunateleza kuelekea katikati: Mbithe na futi yake, Muthengi, kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, mama wawili wa nyanya, kwaya, kanga tisa. Tunabanana kiganjani bega kwa bawa. Kuna joto. Muthengi na kanga wa besi ya pili wamebanwa uso kwa uso.

"Kusema kweli," Muthengi anamwambia, "tulipaka rangi vibaya."

"Inawapendeza," anasema kanga.

Hapo ndipo mpira, ambao tulikuwa tumeusahau, unarudi kutoka juu. "Samahani kwa kuchelewa," unasema, na kuingia katikati yetu, pap.

Pap hiyo ndiyo iliyoniamsha.

Kulikuwa kumepambazuka. Glovu ilikuwa mezani, imefunguka, pale nilipoiacha. Kamba ilikuwa mkebeni. Sikunawa uso. Niliketi nikaanza: chini, juu, chini. Nilipita kwa Mbithe, nikapita kwa kinyozi, nikapita kwenye bomba. La tisa nilipita chini. Kwenye kidole cha nne nilivusha mara mbili, na nilipokaza niliona ngozi ya hapo ilikuwa na alama mbili za zamani, nyembamba, ambazo kamba ilizijaza. Nilipofika shimo la ishirini na mbili vilibaki vidole viwili vya kamba. Nikafunga fundo. Nikaiweka kwenye mizani, nikasoma, na sikushangaa.

Saa moja unusu Kavata alibisha hodi, amevaa fulana yake ya madoa, mfuko mtupu wa unga umekunjwa kwapani.

"Fundi. Niambie ukweli."

"Iko tayari."

Aliivaa. Aliipiga ngumi kiganjani mara tatu. Kisha akaigeuza, akapeleka kidole kwenye kile cha nne, akaifuata kamba inavyovuka.

"Nani alikuambia habari ya hapa?"

"Alhamisi nilikudanganya," nilisema. Nilitaka kuanza mwanzo. "Haikuwa tayari. Nilikuwa nimezifuta namba."

"Najua. Umeshaniambia," alisema, kisha akakunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka ilikuwa wapi.

Sikumsaidia. Niligeuka kuchukua kofia yangu ukutani.

"Fundi," alisema nyuma yangu. "Simama hivyo hivyo."

Nilisimama.

"Kuna mtu amekushika mgongoni. Mkono mzima, wa unga."

"Siwezi kuona mgongo wangu," nilisema.

"Ni mkono wa kushoto." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na mimi kinu nimekifunga tangu jana saa kumi. Leo bado sijagusa hata punje. Ndiyo sasa nilikuwa naenda kuchota unga wa mistari."

Nilimsikia akisogea. Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya ule wa unga, polepole, dole gumba kwanza, kisha vidole vinne, kimoja kimoja, na vyote vitano vikakaa mahali pake.

Mkono ulikuwa na joto.

"Basi twende," alisema. "Wenzetu wako saba." Na akanisukuma.